Neno Moja, Koo Nyingi: Kwa Nini "Gift" ni Zawadi London na Sumu Berlin

Chukua herufi nne: g, i, f, t. Mwingereza akizisoma anaona zawadi. Mjerumani akizisoma anaona sumu. Mswidi naye ana maana mbili mkononi, sumu na mtu aliye katika ndoa, na wenye mizaha wa kwao hawajakosa la kusema juu ya hilo. Tahajia ni moja, maana ni tatu, na sababu yake inajulikana.

Nimeona tulizungumze jambo hili kwa sababu Pwani yetu ni mahali ambapo lugha za Ulaya hukutana kila siku. Malindi na Watamu Kiitaliano kimekuwa lugha ya biashara, hadi wapo vijana wanaokisema vizuri bila kukisomea darasani. Diani na Mtwapa Kijerumani si kigeni masikioni. Kiingereza kiko kila mahali. Anayejua Kiingereza pekee huyaona maneno ya lugha nyingine yameandikwa kwa herufi zile zile, akadhani ameyaelewa. Wanaisimu huyaita maneno ya namna hii "marafiki wa uongo". Jina hilo lilivuma kutokana na kitabu cha Maxime Koessler na Jules Derocquigny, kilichochapishwa Ufaransa mwaka 1928, kuhusu maneno ya Kiingereza yanayowahadaa wasemaji wa Kifaransa.

Lakini marafiki hawa wa uongo si wa aina moja. Baadhi yao ni ndugu wa tumbo moja waliotawanyika, kila mmoja akashika tabia za alikofikia. Wengine hawana nasaba yoyote. Wamefanana sura tu, kama watu wawili wanaogongana mabega kwenye feri ya Likoni, watu wakadhani ni mapacha. Makala haya yanataka kuonyesha tofauti ya hao wawili, kwa mifano, na kisha kueleza namna ya kuijua.

Gift: ndugu walioachana

Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na Kiswidi ni lugha za familia moja. Katika lugha mama ya familia hiyo kulikuwa na kitenzi cha maana ya kutoa, ambacho leo ni "give" kwa Kiingereza na "geben" kwa Kijerumani. "Gift" lilizaliwa humo, na maana yake ya kwanza ni kitu kinachotolewa.

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ambayo mtu wa Pwani ataielewa bila kufafanuliwa: mali inayotolewa kwa ajili ya mke, yaani mahari. Likitumiwa kwa wingi, lilimaanisha arusi yenyewe. Tawi hilo la maana ndilo lililobaki kwa Waswidi, Wadenmaki na Wanorwe, na ndiyo sababu kwao aliyeoa au kuolewa huitwa "gift". Hata Kijerumani kina kumbukumbu ya zamani hizo katika neno "Mitgift", mali ambayo bibi arusi huondoka nayo kwao.

Basi sumu ilitoka wapi? Ilitoka kwa matabibu. Kwa Kigiriki "dosis" ni kitendo cha kutoa, na matabibu walilitumia kwa kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Kilatini kikalichukua. Wajerumani wa zama za kati walipotaka kulifasiri, walitafuta neno lao lenye maana ya kutoa, wakalipata "gift". Dawa ikizidi kipimo huua, na pia wapo waliopewa kipimo kwa nia ya kuuawa. Kidogo kidogo neno likawa halisemi tena kitolewacho, likawa linasema kiuacho. Leo Mjerumani akitaka kusema zawadi husema "Geschenk". Na "dosis" ile ile ya Wagiriki imetufikia na sisi kupitia Kiingereza, tunapoambiwa hospitalini tumalize dozi.

Hili si la kuchekea tu. Dawa ya panya au kemikali iliyokuja na maandishi ya Kijerumani ikiwa imeandikwa "Gift" au "giftig", hilo ni onyo. Anayelisoma kwa macho ya Kiingereza anaweza kuiweka chupa hiyo kwenye kabati la vyakula.

Sale: umbo moja, koo nne

Sasa tutazame neno ambalo mambo yake ni kinyume. Mwenye duka akibandika "SALE" mlangoni, Mwingereza ataelewa kuwa bei zimeshuka. Mfaransa asiyejua Kiingereza atasoma "chafu". Mwitaliano atasoma "chumvi". Mhispania atasoma "anatoka".

Hapa hakuna undugu wa kutafuta. "Sale" ya Kiingereza ni ya watu wa kaskazini, Wanorse, waliovamia Uingereza kisha wakakaa. Wao walisema "sala" kwa maana ya kuuza. "Sale" ya Kifaransa ni urithi wa Wafranki, watu walioitawala nchi ile na kuipa jina lake, na kwao neno hilo lilihusu rangi iliyofifia na kuchafuka. "Sale" ya Kiitaliano ni Kilatini "sal", chumvi. "Sale" ya Kihispania ni Kilatini pia, lakini ni neno jingine kabisa: "salire", kuruka.

Na Waitaliano nao wanalo hilo la kuruka. Kwa hiyo mtu akisema "sale" kwa Kiitaliano, huenda anaomba chumvi, au huenda anasema kuwa fulani anapanda ngazi. Kitenzi ni kile kile cha Kilatini. Wahispania walichukua mruko wakaupeleka nje, Waitaliano wakaupeleka juu.

Sisi hatuna haja ya kushangaa. Tuna paa anayekimbia mwituni, tuna paa la nyumba, tuna ndege anayepaa angani, na tuna mvuvi anayepaa samaki magamba. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu sentensi humtambulisha kila mmoja. Mgeni ndiye anayepotea, kwa kuwa yeye hulishika umbo bila kushika kilichoko pembeni mwake.

Kwa mwenye duka wa Malindi, ushauri ni mwepesi: akiwataka Waitaliano wajue kuwa bei zimeshuka, neno lao ni "saldi".

Burro, caldo na pan: mambo ya mezani

Mwitaliano akiomba "burro" wakati wa kifungua kinywa, anataka siagi. Mhispania akisema "burro", anazungumzia punda, na Mreno vile vile. Wakifika Lamu wote watatu watalitumia neno hilo, mmoja mezani na wawili barabarani.

"Burro" la siagi limetoka Kigiriki "boutyron", neno lililoundwa kwa ng'ombe na jibini, likapita Kilatini, na limezaa pia "butter" ya Waingereza. "Burro" la punda limefupishwa kutoka "borrico", ambalo asili yake ni neno la Kilatini cha baadaye la farasi mdogo. Njia mbili zimekutana kwenye umbo moja.

"Caldo" lina hatari yake. Kwa Kiitaliano ni moto, na bomba la Italia lenye herufi C ndilo la maji ya moto. Anayekumbuka "cold" ya Kiingereza ataungua. "Cold" ni ndugu wa "kalt" ya Kijerumani, na "caldo" ni mtoto wa Kilatini "calidus". Kwa Kihispania "caldo" ni mchuzi au supu, na huyo ni ndugu wa kweli wa lile la Kiitaliano: mchuzi uliitwa kwa ule umoto wake.

"Pan" nalo lina wenyewe wengi. Kwa Kihispania ni mkate, kutoka Kilatini "panis". Kwa Kiingereza na Kiholanzi ni chombo cha kupikia. Kwa Kipolandi na Kicheki ni "bwana", heshima unayomtangulizia mtu kabla ya jina. Kwa Kigiriki ni "yote", na ndilo lililoko mwanzoni mwa jina la vuguvugu la Pan-Africa. Mfaransa aliugeuza ule mkate wa Kilatini ukawa "pain", umbo ambalo kwa Mwingereza ni maumivu. Maumivu hayo hayahusiani na mkate hata chembe. Yametoka Kilatini "poena", adhabu, na ukoo huo wa adhabu ndio uliotupa penalti tunazozililia uwanjani.

Tak na most: asante, paa na daraja

Mpolandi akisema "tak" amekubali. Mdenmaki akisema "tak" ameshukuru. Mholanzi amesema tawi la mti. Mswidi amesema paa la nyumba.

Hilo la Mswidi lina jambo la kutupendeza. Ndugu zake ni "Dach" ya Kijerumani, "dak" ya Kiholanzi na "thatch" ya Kiingereza. "Thatch" leo ni paa la nyasi au majani, lile ambalo hoteli za ufuoni kwetu huliezeka kwa makuti. Mswidi anayelala chini ya makuti ya Diani amelala chini ya neno la kwao.

"Most" kwa Mwingereza ni kilicho kingi kupita vyote. Kwa Mjerumani "Most" ni maji ya zabibu au tofaha yaliyokamuliwa, kutoka Kilatini "mustum". Kwa Wapolandi, Wacheki, Waserbia, Wakroati na Wabosnia, "most" ni daraja. Mji wa Mostar, Bosnia, umepata jina lake kwa walinzi wa daraja. Daraja lao maarufu, Stari Most, maana yake Daraja la Zamani, lilikamilika mwaka 1566 wakati wa utawala wa Waosmani. Lilisimama zaidi ya karne nne, likaangushwa kwa mizinga tarehe 9 Novemba 1993, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2004. Msomaji wa Kiingereza akiliona jina hilo katika habari, hana njia ya kukisia kuwa ndani yake mna daraja. Sharti aambiwe.

Camera: chumba kilichosafiri

Turudi kwa ndugu wa kweli. Mwitaliano akiulizia "camera" hotelini anataka chumba, na mpokezi asimwelekeze kwa mpiga picha.

Kigiriki "kamara" kilikuwa kitu chenye dari ya tao. Kilatini kikalifanya "camera", na Waitaliano wakabaki nalo kwa maana ya chumba. Kifaransa kikalifinyanga likawa "chambre", nalo likaingia Kiingereza kwa sura ya "chamber".

Maana ya chombo cha picha ilitokana na sayansi ya mwanga. Katika karne ya 11 mwanazuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Cairo, alichunguza jinsi mwanga unavyoingia kwa tundu dogo ndani ya mahali penye giza. Wataalamu wa Ulaya waliendelea na uchunguzi huo, na mwaka 1604 Johannes Kepler alitumia jina la Kilatini "camera obscura", chumba cha giza. Chumba kikawa sanduku, sanduku likawa la kupigia picha, "obscura" ikadondoka njiani. Sisi tukapokea kamera bila habari kwamba tumepokea chumba.

Chumba hicho kilizaa na jingine. Wahispania waliita "camarada" mtu mnayelala chumba kimoja, hasa askari. Likapita Kifaransa na Kiingereza, na leo wanasiasa wetu huitana komredi jukwaani, wengine wakiwa hawawezi kukaa chumba kimoja hata saa moja.

Na leso je?

Kuna neno letu ambalo Mwitaliano hulisoma vibaya. Kwake "leso" ni kitu kilichojeruhiwa, kutoka Kilatini "laesus". Duka la Mombasa lililoandikwa "Leso za Jumla" kwake ni kitendawili. Leso yetu imetoka kwa Wareno, katika "lenço", kitambaa cha mkononi au cha kichwani, ambalo nalo ni mtoto wa Kilatini "linteum", kitambaa cha kitani. Leso mbili, zote zina damu ya Kilatini, na bado si ndugu: moja ni jeraha, nyingine ni nguo.

Utajuaje ukoo wa neno?

Hapa ndipo penye uzito. Kama umbo hudanganya, mtu atashika nini?

Wataalamu wa karne ya 19, mmoja wao Jacob Grimm wa Ujerumani katika kitabu chake cha mwaka 1822, walionyesha kuwa sauti za lugha hazibadiliki ovyo. Hubadilika kwa kanuni, na kanuni hugusa maneno mengi kwa pamoja. Penye "th" ya Kiingereza mwanzoni mwa neno, aghalabu Kijerumani kina "d": "three" na "drei", "thing" na "Ding", "thorn" na "Dorn", "thatch" na "Dach". Penye "p" ya Kilatini, Kiingereza kina "f": "pater" na "father", "piscis" na "fish". Undugu huthibitishwa na safu nzima ya mifano. Neno moja lililofanana halitoshi.

Kanuni hizi hutenganisha hata maneno yaliyofanana umbo na maana. Kilatini "habere" ni kuwa na kitu. Kijerumani "haben" ni kuwa na kitu. Nani asingesema ni ndugu? Lakini sio. "H" ya Kijerumani hulingana na "c" ya Kilatini, kama "hundert" na "centum", mia. Kwa hivyo ndugu wa "haben" ni "capere", kushika. Vivyo hivyo Kilatini "deus" na Kigiriki "theos", yote mawili yakiwa na maana ya mungu, hayana asili moja. Kiajemi kina "bad" yenye maana ya ubaya kama ya Kiingereza, na hiyo ni bahati tu. Na katika Kijojia, lugha ya nchi iliyo mpakani mwa Ulaya na Asia, "mama" ni baba.

Mpwani anazijua kanuni hizi hata kama hajawahi kuzisoma. Sisi wa Mombasa tunasema mato, mtele, ndaa, ndia. Kiunguja husema macho, mchele, njaa, njia. Penye "t" yetu pana "ch" yao, penye "nd" yetu pana "nj" yao, neno baada ya neno. Na hapo ndipo tunapopata rafiki wa uongo wa nyumbani: mama wa Mombasa akimwita mtoto "ndoo", aliyezoea Kiswahili sanifu ataangalia ndoo ya maji iko wapi.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu kuna mambo mawili tunayoyapoteza kwa kulitazama umbo peke yake.

La kwanza ni heshima ya lahaja. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928. Tangu hapo vizazi vya watoto wetu vimeambiwa kuwa "mato" ni "macho" yaliyoharibika. Katika mtihani mtoto na aandike macho, hilo halina mjadala. Lakini mwalimu anayemwambia kuwa bibi yake hajui kusema amekosea kama angemwambia Mholanzi kuwa "dak" ni "Dach" iliyoharibika. "Mato" ni zao la kanuni, kama "macho" lilivyo zao la kanuni.

La pili ni ubishi wa asili. Barazani mtu huchukua neno la Kiswahili, akalilinganisha na la Kiarabu, la Kihindi au la Kireno, akatoa hukumu kuhusu neno, na wakati mwingine kuhusu watu. Maneno ya kukopa tunayo, na hayatupunguzii kitu. Kiingereza kimekopa kuliko sisi. Lakini hukumu ya asili ina masharti yake: neno lilikuwaje zamani, lina ndugu gani katika lugha jirani za Kibantu, lilipita njia gani, na je, sauti zake zinafuata kanuni zinazojulikana? Asiyeweza kujibu maswali hayo ana dhana, na dhana haitoshi kumnyima mtu lugha yake.

Kwa wanaofanya kazi na wageni, nina neno moja la mwisho. Mkiliona neno mnalolijua ndani ya lugha msiyoijua, lichukulieni kama mgeni aliyevaa nguo za jirani yenu. Muulizeni kwanza ametoka wapi, hasa kama limeandikwa kwenye chupa.